Fidla Moja, Sauti Nyingi

Mwanzoni mwa 1944 Béla Bartók alikuwa Asheville, North Carolina, akiugua maradhi ambayo baadaye yalitambuliwa kuwa saratani ya damu. Mtunzi huyu wa Hungaria alikuwa amehamia Marekani mwaka 1940, akiikimbia Ulaya ya Wanazi. Mwezi Machi alimaliza sonata aliyoombwa na mpiga fidla Yehudi Menuhin: fidla peke yake, bila piano wala msindikizaji.

Kielelezo kikuu cha njia hiyo ni Johann Sebastian Bach, ambaye hati yake ya kazi sita za namna hiyo ina tarehe ya 1720. Upinde hauwezi kuzishikilia nyuzi zote nne kwa pamoja. Bach aliligeuza pungufu hilo kuwa ufundi: noti ya chini huguswa kisha huachwa, sikio la msikilizaji likaendelea kuihifadhi huku sauti ya juu ikisonga mbele. Mpigaji mmoja akasikika kama watatu.

Bartók hakuficha deni lake. Sehemu ya kwanza aliiita Tempo di ciaccona, ya pili Fuga. Miundo ile ile ya Bach, ila ulinganifu wa sauti ni mkali, wa karne yenye vita. Menuhin aliipiga hadharani mara ya kwanza Carnegie Hall, New York, tarehe 26 Novemba 1944.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayopaswa kutugusa sisi wa Afrika Mashariki. Bartók aliiandika kwa robo toni, huku akimpa Menuhin njia mbadala ya nusu toni. Chapa ya kwanza, ya 1947, iliziacha robo toni nje. Ni hasara kubwa. Mwaka 1913 Bartók alikuwa amebeba fonografu hadi Biskra, Algeria, kurekodi nyimbo za Waarabu, na sauti zilizo katikati ya nusu toni hazikuwa ngeni kwake. Si ngeni pwani yetu pia, ambako fidla za taarabu zimerithi maqam, yaani ngazi za sauti, za Misri. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa, Zanzibar, kilianzishwa 1905.

Chuo cha muziki cha Nairobi, Kenya Conservatoire of Music, kilianzishwa mwaka ule ule wa sonata hii, 1944. Kijana wa Ongata Rongai anayepanda matatu ya 125 kwenda mjini na fidla mgongoni amwombe mwalimu wake amsikilizishe sonata hii, na asiridhike mpaka asikie ile yenye robo toni.