Chuma cha angani na chuma cha Ufipa

Mwulize mwanafunzi yeyote wa hapa Sumbawanga nani aligundua kimondo cha Mbozi. Kama amesoma vizuri atajibu bila kusita: W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg, mwezi Oktoba 1930. Atapewa alama zake, na anastahili, kwa maana ndivyo ilivyoandikwa. Mimi ugomvi wangu ni na hilo neno "aligundua". Pande la chuma lenye uzito wa tani 16 hivi, urefu wake meta 3 na zaidi, limelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, katika nchi ya Wanyiha ambao wamelima na kuchunga pale kwa vizazi. Kitu kama hicho hakifichiki. Wenyeji walikuwa wakikijua siku zote. Alichofanya Bwana Nott ni kukipeleka kwenye karatasi.

Wengine watasema nabishania neno moja tu. Lakini kwetu sisi wa Rukwa neno hilo lina uzito. Mtu wa Dar es Salaam akisikia unatoka Sumbawanga, swali lake la kwanza ni la radi, na la pili ni la uchawi. Hata jina la mji wetu hufasiriwa na wengi kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Watoto wetu wanakua wakisikia mzaha huo, na darasani wanasikia kwamba hata jiwe la jirani lilisubiri mgeni aje alione. Kwa hiyo wiki hii naomba tuzungumze juu ya chuma. Kipo chuma kilichotoka angani, na kipo kilichotoka kwenye matanuri ya Ufipa. Vyote viwili ni sayansi, na vyote viwili viko kwenye njia moja ya basi.

Tuanze na cha angani. Ukitoka hapa Sumbawanga ukapita Laela mpaka Tunduma umekwenda kama kilometa 220, kisha ukishika barabara ya Mbeya hutakuwa mbali. Zamani tulisema kimondo kiko mkoa wa Mbeya, na tangu mwaka 2016 ni mkoa wa Songwe, wilaya ya Mbozi, kijiji cha Ndolezi. Utakuta limelala juu ya msingi wa saruji. Mwanzoni sehemu yake kubwa ilikuwa imefukiwa ardhini. Walichimba handaki kulizunguka, wakabakiza nguzo ya udongo chini yake, na nguzo hiyo ndiyo iliyojengewa saruji. Serikali ililifanya kumbukumbu inayolindwa na sheria mwaka 1967.

Neno letu "kimondo" linabeba mambo mawili, na wanafunzi wengi huchanganya. Kwanza ni ule mstari wa mwanga unaouona usiku ukipasua anga mara moja na kutoweka. Hiyo si nyota iliyoanguka. Nyota ni majua ya mbali mno, na moja ikitusogelea hapangekuwa na mtu wa kusimulia. Unachokiona kwa kawaida ni chembe, mara nyingi isiyozidi punje ya mchanga au ya mahindi, inayoingia katika angahewa kwa mwendo wa kilometa 11 hadi 70 kwa sekunde moja, ikaungua ikiwa bado kiasi cha kilometa 80 au 100 juu yetu. Pili, kimondo ni lile jiwe ambalo lilikuwa kubwa kiasi cha kutomalizika njiani, likafika chini. La Mbozi ni la aina hiyo ya pili.

Zamani wazee wengi walikiona kimondo cha usiku kama ishara ya kifo au ya vita. Tusiwacheke upesi, kwa sababu wasomi wa Ulaya nao walikuwa na ukaidi wao. Wakulima wa kwao walipowapelekea mawe na kusema haya yameanguka kutoka juu tukiona kwa macho yetu, wakubwa wa sayansi waliwaona ni watu wa ushirikina. Mwaka 1794 Mjerumani mmoja, Ernst Chladni, aliandika kitabu akasema wakulima wana haki, mawe hayo yanatoka nje ya dunia. Wengi hawakumkubali. Ndipo tarehe 26 Aprili 1803, katika mji wa L'Aigle huko Ufaransa, yakaanguka mawe zaidi ya 3,000 mchana kweupe. Serikali ikamtuma kijana msomi, Jean-Baptiste Biot, naye akafanya kazi ambayo mimi kama mwandishi wa habari naihusudu: alizunguka kijiji kwa kijiji, akawahoji watu mmoja mmoja, akalinganisha maneno yao, akachora ramani ya mahali mawe yalipoangukia. Ripoti yake ndiyo iliyowanyamazisha wabishi. Kwa maneno mengine, elimu ya vimondo ilipata miguu siku ambayo msomi alikubali kumsikiliza mkulima.

Je, la Mbozi lilianguka lini? Hakuna masimulizi yanayojulikana ya kuanguka kwake, wala shimo la kishindo halionekani pale. Hiyo ni dalili kwamba lilianguka zamani sana, pengine maelfu ya miaka, shimo likafukiwa na mvua na udongo. Hata kimondo kikubwa kuliko vyote duniani, kile cha Hoba nchini Namibia chenye tani kama 60, hakina shimo.

Desemba 1930, miezi miwili tu baada ya Bwana Nott, alifika Dk. D. R. Grantham wa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika, akakata kipande kwa msumeno wa chuma wa mkono. Aliyewahi kukata nondo kwa msumeno huo anajua shughuli yake. Kipimo kilionyesha kwamba karibu asilimia 90 ni chuma na zaidi ya asilimia 8 ni nikeli, halafu kuna shaba, salfa na fosforasi kidogo kidogo. Shikeni hiyo nikeli, nitairudia.

Chuma kingi namna hiyo kilipatikanaje angani? Dunia yetu ilipokuwa changa iliyeyuka, na chuma kwa uzito wake kikazama katikati, ndiyo maana kiini cha dunia ni chuma na nikeli. Yako magimba madogo yanayozunguka jua, mengi yakiwa kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii, na baadhi yao yalipitia hali hiyo hiyo. Kisha yakagongana, yakapasuka, viini vikabaki vitupu. Kipande cha kiini cha namna hiyo ndicho wataalamu wanachokiona katika vimondo vingi vya chuma. Ukikata kimondo cha namna hiyo, ukakisugua kikang'aa na kukipaka tindikali, hutokea mistari iliyopishana kama ukili uliosukwa. Mistari hiyo ni fuwele za chuma na nikeli ambazo zilikua polepole mno, joto likipungua nyuzi chache hadi mia chache kwa kila miaka milioni moja. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuiga kazi hiyo. Vimondo vya jamii hii vina umri wa miaka kama bilioni 4 na nusu. Ziwa Tanganyika, tunaloliona ni la kale, lina kiasi cha miaka milioni 10 tu.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi, chuma chenyewe kilipikwa ndani ya nyota kabla jua letu halijazaliwa. Nyota kubwa huunguza haidrojeni ikawa heli, heli ikawa kaboni, na kuendelea mpaka joto la kiini linapopita nyuzi bilioni 2 na chuma kutokea. Hapo moto wa nyota unakwama, kwa sababu chuma hakitoi nishati ya kuendeleza kazi. Kiini kinaporomoka, nyota inalipuka na kutapanya vilivyomo. Milipuko ya nyota za aina nyingine nayo iliongeza chuma kingi. Chuma cha kimondo, cha udongo mwekundu wa njia ya kwenda Namanyere na cha damu yako wewe unayenisikiliza, chote asili yake ni huko.

Sasa turudi nyumbani. Huo udongo mwekundu ni chuma kilichoshikana na oksijeni, yaani kutu. Kuwatenganisha ni kazi ya kitaalamu, na Wafipa waliijua. Walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo yanayofikia meta 3 na zaidi, wakapanga ndani makaa na mawe ya chuma. Tanuri refu huvuta hewa lenyewe kupitia matundu na mabomba ya udongo yaliyowekwa chini, kama bomba la moshi. Hapakuwa na mtu wa kuvukuta. Makaa yaliinyang'anya ile kutu oksijeni yake, likabaki pande la chuma lenye matundu, kisha likasafishwa katika tanuri dogo kwa mivukuto na kufuliwa jembe. Jembe hilo lililima, na lilitolewa hata kwenye mahari. Mafundi walikuwa na dawa zao za kuzika chini ya tanuri na miiko yao, mmojawapo kujitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Wageni wengi waliona dawa na miiko, hawakuona hesabu ya hewa na joto.

Aliyeiona vizuri ni Mtanzania, Profesa Bertram Mapunda, ambaye mwaka 1995 alikamilisha utafiti wake wa udaktari kuhusu ufuaji chuma wa kusini magharibi mwa nchi yetu. Huko Nkansi alikuta aina tatu za ufundi: katukutu, malungu na barongo. Kumbe hata huku kwetu teknolojia ilibadilika, aina moja ikaja baada ya nyingine. Ufundi huo ulikufa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya dukani yalipoenea.

Wanyiha nao walikuwa wahunzi. Basi kwa nini hawakulifua lile pande la Mbozi? Mimi naona jibu ni rahisi: hawakulihitaji. Misri ya kale, kabla watu hawajajua kutoa chuma katika mawe, walithamini chuma cha angani kama kito. Jambia la Farao Tutankhamun lilipimwa, na mwaka 2016 ikatangazwa kwamba lina nikeli nyingi ya kimondo. Nikeli ndiyo shahidi, kwa sababu chuma cha tanuri za kale huwa na nikeli kidogo mno. Lakini mtu mwenye tanuri lake na mlima wa mawe ya chuma, ya nini ashindane na pande lisilokatika?

Wapo wanafunzi wanaookota jiwe jeusi, zito, wakaamini wamepata kimondo. Hapa Ufipa mara nyingi huwa ni mavi ya chuma, mabaki yaliyomwagwa na malungu. Litazame: likiwa na vitundu kama vya mkate, au limetiririka kama nta, limetoka tanurini. Kimondo cha chuma hakina vitundu ndani, hunaswa na sumaku kwa nguvu, ni kizito kuliko unavyotarajia, na ukikisugua kwa tupa pembeni huonyesha chuma cheupe kinachong'aa. Ukiwa na shaka, mwalimu wa kemia amwone afisa madini, maana kipimo cha nikeli kitamaliza ubishi. Likiwa ni mavi ya chuma, usilitupe. Andika shamba uliloliokota na mwenye shamba ni nani, halafu umwulize mzee wa hapo ilungu lilisimama upande gani. Mengi yamekwisha bomoka kwa mvua na kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe, na hao wazee nao hawatakuwapo siku zote.