Kopo la dawa na kikohozi cha usiku

Mwaka 1955, binti wa miaka 13 mwenye pumu alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake haiwekwi kwenye kopo la kupuliza, kama ile ya nywele. Siku hizo dawa ilivutwa kwa chupa ya kioo yenye mpira wa kubinya, nayo ilivunjika upesi. Baba huyo, George Maison, aliongoza kampuni ya Riker Laboratories huko Marekani. Mwaka 1956 inhela ya kwanza ya kubonyeza, Medihaler, ikaanza kuuzwa.

Furaha ikaja na msiba. Miaka ya 1960 vifo vya wagonjwa wa pumu vilipanda Uingereza, Australia na New Zealand, na wengi wakazishuku inhela kali za isoprenalini, dawa inayofungua kifua huku ikiuendesha moyo mbio. Mfamasia David Jack na wenzake wa Allen & Hanburys, kampuni ya dawa ya mjini Ware, Uingereza, wakatafuta dawa itakayogusa mapafu zaidi kuliko moyo. Mwaka 1969 wakatoa salbutamoli, ile inhela ya buluu iliyojaa mifukoni mwetu hadi leo.

Kwangu mimi, kazi yao kubwa zaidi ilikuja mwaka 1972: beklometasoni ya kuvuta. Vidonge vya steroidi vilikuwa vikiokoa wagonjwa tangu miaka ya 1950, lakini vikitumiwa muda mrefu vilivimbisha uso na kudhoofisha mifupa. Sasa kipimo kidogo kilikwenda moja kwa moja kwenye njia za hewa na kutuliza uvimbe, ambao ndio kiini cha pumu. Salbutamoli hulegeza misuli kwa saa chache tu. Uvimbe inauacha palepale.

Mwaka 1979 madaktari wa Marekani wakaeleza wagonjwa ambao pumu yao haikuwa na dalili nyingine ila kukohoa. Hawa nao hutibiwa kwa steroidi ya kuvuta. Na mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya GINA ikatamka kwamba mtu mzima au kijana asitibiwe pumu kwa salbutamoli peke yake.

Ndugu msomaji, kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kwanza ukapimwe kifua kikuu. Ikithibitika ni pumu, na bado unaamka usiku kukohoa, muulize daktari wako: dawa yangu ya kutuliza uvimbe iko wapi?