Mitaa ya Kisii na Wageni Walioianzisha

Mwaka 1907 ofisa kijana wa Kiingereza, G. A. S. Northcote, alipiga kambi Getembe, katikati ya milima ya Gusii, akaanza kutawala wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini. Wenyeji walimwita Nyarigoti. Mahali alipochagua hapakuwa na mji, wala Abagusii, yaani Wakisii, hawakuwa na desturi ya kukaa mjini. Ukoo ulikuwa na kilima chake, mzee na boma lake, na mashamba yaliteremka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni. Ndiyo maana mji wa Kisii ulianza bila Wakisii wenyewe. Mitaa yake ya kwanza ilijengwa na watu wa kuja. Wenyeji waliingia baadaye sana.

Kuchelewa huko kulikuwa na sababu. Tayari mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilikuwa limewapiga kwa bunduki watu wenye mikuki. Januari 1908 Otenyo, kijana aliyechochewa na mtabiri Moraa Ng'iti, alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Gusii ndiyo iliyolipa. Askari walichoma nyumba, wakaswaga ng'ombe na kuua watu wengi mno, hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, akapeleka simu kutoka London kuhoji kama mauaji hayo yalikuwa ya lazima. Otenyo alikamatwa, naye akauawa. Baada ya hayo, nani angetaka kujenga karibu na boma la serikali?

Waliojenga ni wale waliofuatana na serikali. Wanubi, askari wenye asili ya Sudan, walitulia kando ya boma kama wenzao wa Kibera. Walikuwa Waislamu, na pamoja na Kinubi walizungumza Kiswahili, lugha ya askari, karani na soko. Mtaa wao unaitwa Nubia hadi leo. Wahindi nao walifungua maduka kwenye barabara kuu. Bidhaa zilivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu hadi Kendu Bay, kisha zikapandishwa milimani: nguo, chumvi, majembe, taa za mafuta. Zilizoteremka ni ngozi, samli na nafaka.

Wamisionari walitaka nafasi mbali kidogo na boma. Wakatoliki walifika Nyabururu, nje ya mji, mwaka 1911. Mwaka uliofuata Waadventista Wasabato, waliokuwa wameanzia Gendia ukingoni mwa ziwa mwaka 1906, walichukua kilima cha Nyanchwa kinachoutazama mji kutoka juu. Mwanzoni wanafunzi wa shule zao walikuwa wa kuhesabika.

Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani wakauteka mji, na ofisa wa Kiingereza alikuwa ameshaondoka. Tarehe 12 majeshi mawili yalipigana hapo, kila upande ukaumia, na Wajerumani wakarudi walikotoka. Watu wa vilimani waliona kwamba mzungu amekwisha. Waliingia maofisini, madukani na kwenye misheni zote mbili, wakabeba walichoweza. Waingereza waliporudi walitoza faini ya ng'ombe na kuwachukua vijana kwa kazi ya lazima. Kwa wengi, hiyo ndiyo ilikuwa safari yao ya kwanza ya kuingia mjini.

Kilichowaleta tena, safari hii kwa amani, ni shule na pesa. Misheni zilitoa walimu na makarani. Kisha, katika miaka ya 1930, Gusii ikawa miongoni mwa sehemu chache ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, huku chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari akiwa mstari wa mbele. Mwenye kahawa alihitaji duka, benki na karo. Baada ya uhuru mashamba yaligawanywa kwa wana hadi yakawa vipande, na aliyekosa shamba alitafuta kibanda mjini.

Soko la Daraja Mbili ndilo linaloonyesha mgeuko huo vizuri zaidi. Siku za soko, Jumatatu na Alhamisi, mikungu ya ndizi hupangwa chini, mboga za chinsaga na rinagu hufungwa mafungu, na lori husubiri kupakia mzigo wa Nairobi. Wauzaji wengi ni akina mama kutoka vijijini Kisii na Nyamira. Nyamira ilipata wilaya yake mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu 2013 ina serikali ya kaunti, lakini mpaka huo haujawazuia wachuuzi wake kupanda matatu alfajiri kwenda Daraja Mbili.

Wenyeji hawakuyafuta ya wageni. Shabana, timu ya mpira iliyoanzishwa 1980 na inayojaza uwanja wa Gusii kwa vuvuzela na nyimbo za Ekegusii, ilipata jina lake kutoka duka la Kihindi la vifaa vya ujenzi.

Sasa Abagusii wenyewe ndio wageni kwingine. Kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, katika vitongoji vya Brooklyn Park na Brooklyn Center, wameweka makazi pamoja na Waliberia na wengine, wakaanzisha makanisa na vyama vyao vya kusaidiana. Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, Mgusii mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Minnesota. Iliwachukua Abagusii zaidi ya nusu karne kuuona mji wa Kisii kuwa wao. Minnesota hawakungoja muda huo wote kabla ya kugombea viti.