Waswahili wa Bujumbura na Urithi Wao Kinama

Anayetafiti historia ya Waswahili wa Bujumbura huelekezwa mtaa wa Buyenzi, kwenye misikiti na barabara zenye namba. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya safari. Nusu ya pili iko Kinama, kaskazini mwa mji, mtaa ambao wakazi wake wengi si Waislamu.

Mfanyabiashara Rumaliza wa Ujiji alijaribu kuingia Burundi kwa bunduki, Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo akamzuia. Kilichomshinda yeye kikawezekana chini ya Wajerumani, waliojenga kituo cha kijeshi Usumbura, Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ya 19. Wakaja askari, wapagazi, wakalimani na wachuuzi, Wamanyema wa mashariki mwa Kongo wakiwa wengi miongoni mwao, na baadhi ya Warundi wakasilimu. Mjerumani alitawala kwa Kiswahili. Baada ya Wabelgiji kuitwaa nchi mwaka 1916, lugha hiyohiyo ikatiliwa shaka, hasa na wamisionari walioiona kuwa mlango wa Uislamu.

Jamii ndogo ya kidini inayoishi kwa biashara mjini hubeba mzigo wa pekee: hushukiwa. Wayahudi wa Newport, Marekani, walizindua sinagogi lao mwaka 1763, na mwaka 1790 Rais George Washington akawaandikia kwamba serikali yake haitaunga mkono ubaguzi. Waswahili wa Usumbura hawakuandikiwa barua kama hiyo. Hadi leo neno "umuswahili" katika Kirundi humaanisha pia mtu mjanja asiyeaminika.

Hata hivyo Buyenzi ilisimama imara na Mwanamfalme Louis Rwagasore katika kupigania uhuru. Septemba 1961 chama chake cha Uprona kilipata viti 58 kati ya 64 vya bunge. Tarehe 13 Oktoba akauawa. Kuwaweka Waswahili hawa katika fungu la wageni wakati wa kuandika historia ya uhuru ni kosa la kitaaluma, tena ni dhuluma.

Turudi Kinama. Sokoni, mama muuza ndagala (dagaa) humtajia mteja bei kwa Kiswahili, humkanya mwanawe kwa Kirundi, kisha humrudia mteja: "Ongeza kidogo, baba." Hakuna anayemuuliza dini yake. Wapo watakaosema Kiswahili hicho kililetwa na wakimbizi waliorejea kutoka Tanzania na wafanyabiashara wa Uvira, Kongo. Ni kweli kwa sehemu. Lakini waliorejea walikuta mji ambao biashara yake ilikuwa ikiendeshwa kwa Kiswahili tangu enzi za Mjerumani. Kinama yenyewe ilivunjwavunjwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2001 waasi wa FNL waliiteka na maelfu ya wakazi wakakimbia. Watu waliporudi, Kiswahili kilirudi nao.

Wazee wa Buyenzi waliozaliwa kabla ya uhuru wanapungua kila mwaka. Watafiti wawafuate sasa na vinasa sauti vyao, kisha wavuke mto Ntahangwa, wakawasikilize na wazee wa Kinama.