Nani Alimlisha Yatima?

Elimu ya Watu Wazima kwa Redio: Somo la Historia

Wenye madaftari wayafungue, na viongozi wa vikundi wawe tayari kwa maswali ya mwisho.

Somo la leo laanzia Kariakoo, Dar es Salaam. Wengi hununua vitunguu na vitenge pale bila kujua asili ya jina hilo. Waingereza waliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani mwezi wa Septemba 1916. Mahali penye soko wakaweka kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa vita. Wenyeji wakalitamka jina hilo Kariakoo. Soko lilifunguliwa mwaka 1923, na jina likabaki.

Wapagazi hao walitoka vijijini, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu. Waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Mwaka 1927 ilisimamishwa Sanamu ya Askari, katika barabara iitwayo leo Samora. Maandishi yake yawataja wapagazi pia, na yaahidi kwamba watoto wa aliyekufa watalikumbuka jina lake. Lakini nani aliwalisha watoto hao? Sanamu haisemi.

Jibu la kwanza ni hili: waliwalisha watu wa karibu. Alikuwa baba mdogo, shangazi, bibi, au rafiki wa marehemu. Mfano mmoja ni Kleist Sykes, aliyezaliwa mwaka 1894. Baba yake, askari wa Kizulu katika jeshi la Wajerumani, alifariki mtoto akali mdogo. Akalelewa na Afande Plantan, askari mwenzake marehemu. Yatima huyo alikuja kuwa katibu wa kwanza wa African Association mwaka 1929. Tena mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Al-Jamiatul Islamiyya, jumuiya iliyojenga shule ya watoto wa Kiislamu hapa mjini.

Basi ndugu na rafiki hutosha msiba ukiingia nyumba moja. Je, ukiingia nyumba zote? Ugogoni, kati ya mwaka 1917 na 1920, ilikuja njaa iliyoitwa Mtunya. Majeshi ya vita yalikwisha kuchukua ng'ombe na nafaka, kisha mvua ikakosekana. Jirani wa kuombwa naye hakuwa na kitu.

Msiba wa kuingia nyumba nyingi ulirudi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera. Baba alikufa, mama akafuata, bibi akabaki na wajukuu na jembe moja. Mwaka 1989 Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii, pamoja na wenzake, walianzisha WAMATA hapa Dar es Salaam. Maana yake ni Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Watu wa kujitolea waliwaendea wagonjwa majumbani, wakawasaidia mayatima wasiache shule, na kazi hiyo ikaenea mikoani.

Angalieni namna ya msaada huo. Haukumwondoa mtoto kwa bibi. Ulimpunguzia bibi mzigo. Mtoto aliyebaki kijijini hulijua kaburi la baba yake, na huijua mipaka ya shamba lake. Aliyepelekwa mbali huweza kurudi akiwa mtu mzima akakuta shamba lina mwenyewe mwingine. Chama kinacholeta daftari na blanketi kimefanya jema. Lakini kama hakiulizi habari za shamba, kimemvika mtoto leo na kumwacha maskini kesho. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na yakataza kumnyima kufaidi mali iliyoachwa na mzazi.

Sasa maswali ya kikundi. Kijijini kwenu, mayatima wangapi wanalelewa na bibi zao? Nani analima shamba la baba yao, na mavuno yanakwenda wapi? Andikeni majibu, mkayazungumze na mwenyekiti wa kijiji kabla ya msimu wa kulima.

Kwaherini mpaka somo lijalo.