Habari za Kadi ya Arusi

Kwa kuwa mwandiko wa mwalimu husifiwa vijijini, mara nyingi jirani zangu wa hapa Bumbuli huniita kuandika majina katika kadi za arusi. Kazi hii hufanywa usiku, mezani pa wenye arusi, pamoja na kamati yao. Mwenyekiti husoma jina katika daftari, mimi huliandika, kisha katibu hutia alama pembeni: mtu mmoja, au watu wawili. Usiku mmoja, tulipokwisha kuandika kadi zote, babu yake bibi arusi, ambaye alikuwa ameketi kimya karibu na moto, aliuliza, “Na mimi je, mmeniandikia?” Watu wakacheka, wakamjibu, “Mgosi, wewe ndiwe mwenye arusi, hualikwi.” Naye akacheka pamoja nao. Lakini siku ya karamu, katika ukumbi wa mjini, kijana aliyewekwa mlangoni hakumjua, akamdai kadi. Mzee akasimama nje katika ukungu, hata mjukuu wake mmoja alipotoka kumtafuta.

Wasomaji wapendwa, kijana yule simlaumu, kwani alifanya kazi aliyopewa. Lakini tangu siku ile nimetaka kujua karatasi hii ilitoka wapi, na kwa njia gani ilipata nguvu ya kumzuia babu asiingie katika arusi ya mjukuu wake.

Wazee wetu hawakuwa na mwaliko wa namna moja kwa watu wote. Mwaliko ulikwenda kwa kadiri ya umbali. Watu wa karibu kabisa, yaani ndugu wa baba na wa mama, hawakualikwa. Wao walikuwako tangu siku ya kupeleka neno la posa, wakahesabu mahari, wakaijua siku ya arusi kwa kuwa waliichagua wao wenyewe. Kumwalika ndugu wa namna hiyo kungalikuwa kumwambia kwamba amekuwa mgeni. Jirani waliarifiwa kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, nao walikuja na kuni, na maji, na mikungu ya ndizi, kabla ya kuja na nguo zao nzuri. Watu wa mbali, wa ng’ambo ya bonde, walipelekewa mjumbe. Wala hakutumwa mtu ye yote tu. Alitumwa mtu mzima ajuaye ukoo, ajuaye nani atajwe kwanza, na ajuaye kusalimu kabla ya kusema alilotumwa. Huko pwani nako alikuwako mwalishi, aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaita watu kwa jina la wenye arusi. Na lilipokuwako jambo la nchi nzima, mbiu ilipigwa. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini mbiu ni ya watu wote, haimwiti mtu kwa jina lake.

Karatasi ilitupandia milimani kutoka pwani. Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 kumwona Mfalme Kimweri ye Nyumbai, Waswahili wa pwani walikuwa na desturi ya kuandikiana kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Mwaka 1892 Mdachi mmoja, C. G. Büttner, alitoa kitabu cha maandiko ya Kiswahili ya herufi hizo, na ndani yake zimo barua. Barua ya namna hiyo haiendi mbio. Kwanza humtaja anayeandikiwa kwa sifa zake na heshima zake, kisha husalimu, kisha huuliza hali na kueleza hali, na hata lifike neno lenyewe sehemu kubwa ya karatasi imekwisha. Tena barua haikusafiri peke yake, bali ilichukuliwa na mtu, na mara nyingi ikasomwa kwa sauti mbele ya watu, kwa maana si kila aliyeandikiwa alijua kusoma. Basi barua ilikuwa bado ni mdomo, ila mdomo uliofungwa katika karatasi. Nayo ilikuwa ya watu wa mbali. Nani angalimwandikia mtu wa nyumba ya pili?

Hata katika Injili ya Mathayo, sura ya 22, yule mfalme aliyemfanyia mwanawe arusi alituma watumwa kuwaita watu waliokwisha kualikwa. Yaani waliitwa mara mbili, kwanza kuambiwa kwamba arusi itakuwako, tena kuambiwa kwamba karamu iko tayari. Naomba jambo hili la kuitwa mara mbili likumbukwe, maana tutalikuta tena mbele.

Misheni ya Wadachi ilianza kazi Mlalo mwaka 1891, ikafika Vuga mwaka 1895 na hapa Bumbuli mwaka 1899. Pamoja na shule kulikuja desturi mpya: ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu kabla ya kufungwa. Maana yake si kualika watu. Ni kuuliza kama yuko mwenye neno la kuizuia ndoa. Lakini watu wetu waliisikia kwa masikio yao wenyewe. Siku tangazo la tatu lilipotoka, kila aliyeketi kanisani alijua kwamba amekwisha kuitwa, akaanza kutafuta kuni. Desturi hii ina nguvu hata leo, nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla, ambazo ni majuma matatu yale yale.

Kupiga chapa nako kulikuja kwa njia ya misheni. Askofu Tozer na Dr. Steere walifika Unguja mwaka 1864, na mtambo wa chapa ukafanya kazi huko. Magila wakapiga chapa gazeti lao na Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi; Tanga wakatoa Kiongozi; na katika milima yetu hii chapa ya Vuga ikatoa vitabu vya Kanisa na vya shule. Wachapaji wa siku zile walipanga herufi moja moja, zilizotengenezwa kwa risasi iliyochanganywa na bati, nazo husomwa kinyumenyume kama uso katika kioo. Sanduku la herufi lililotoka Ulaya lilikuwa limepimwa kwa lugha za huko. Samuel Morse wa Marekani, alipokuwa akitengeneza alama zake za simu, alitumia hesabu ya herufi za wachapaji: penye e 12,000 palikuwa na a 8,000, k 800, na z 200 tu. Sasa jaribu kupanga maneno haya: “Karibuni katika arusi ya kijana wetu mpendwa.” Utahitaji a nane na k nne, kubwa na ndogo, na e mbili basi. Mchapaji wa Kiswahili mwenye sanduku la Kiingereza huishiwa na a hali e zimejaa mkononi mwake. Nadhani hii ni sababu moja iliyowafundisha watu kuandika maneno machache katika kadi.

Sababu nyingine ilitoka Ulaya kwenyewe. Huko matajiri waliandikiwa kadi zao kwa bamba la shaba: fundi huchora herufi ndani ya shaba kwa chuma chenye ncha, hujaza wino, kisha karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake, na maandishi husimama hata kidole kikayasikia. Karatasi nyembamba iliwekwa juu ya maandishi ili wino usichafue, na bahasha zilikuwa mbili, ya nje ipokee vumbi la safari, ya ndani ifike safi. Mwaka 1796 Alois Senefelder wa Ujerumani akavumbua chapa ya jiwe, na kadi nzuri zikaanza kupatikana kwa watu wa kadiri. Wahindi wa Gujarati waliohamia mijini kwetu walikuwa na yao pia, kankotri, ambayo jina lake limetoka katika unga mwekundu wa baraka. Na kwa kuwa wachapaji wengi wa mijini walikuwa Wahindi, mtu aliyekwenda kuchapisha kadi alionyeshwa mifano iliyokwisha kuwapo dukani: maua, pete mbili, njiwa wawili, na kamba ya dhahabu pembeni. Ndiyo maana kadi ya milima ya Usambara ina njiwa wala haina mgomba.

Lakini lililobadilika zaidi si picha, ni maneno. Barua ya pwani husema “mimi” na “wewe”, nayo husalimu. Kadi ya Kiingereza husema kama mtu wa tatu aliyesimama pembeni: Bwana fulani na Bibi fulani wanaomba wapate furaha ya kuwa na mtu fulani. Sisi tukachukua namna ile ile: “Familia ya Bwana na Bibi fulani wa Bumbuli inayo furaha kukualika.” Someni kadi yo yote mliyo nayo sandukuni. Hamtaona “hujambo”, wala “habari za nyumbani”. Ni waraka usiotoa salamu, nao tumeuzoea hata hatuoni ajabu. Mzee akisomewa husubiri salamu, na asipoisikia huuliza kama msomaji ameruka mstari. Nimeyaona haya mara mbili kwa macho yangu.

Je, karatasi ilikujaje kwa watu wa karibu, iwapo ilikuwa ya watu wa mbali? Nadhani ilianza kwa safari. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Vijana wetu wakashuka kwenda mashamba ya mkonge, wengine wakawa makarani, na wengine walimu katika wilaya nyingine. Ndugu wa tumbo moja akawa mbali kuliko mtu wa ng’ambo ya bonde. Basi, kwa mara ya kwanza, mtu asiyealikwa kwa kuwa ni mwenye arusi alipelekewa barua ya arusi. Wala hakuona vibaya, alifurahi, akaiweka. Baadaye mashuleni zikawako mashine za kudurufu. Katika karatasi ya nta herufi hukatwa kwa taipu isiyo na utepe, na wino hupita palipokatwa. Kwa mashine hiyo mwalimu aliweza kutoa mialiko mia kwa mchana mmoja. Ilikuwa karatasi ya kawaida iliyokunjwa, wino umepaka vidole, lakini majina yalisomeka. Nasema hivi kwa sababu kadi nyingi za leo zina herufi zilizopindwa kama mizabibu, hata mtu mwenye miwani hajui kama arusi ni tarehe 6 au 8.

Kisha ikaja kamati. Zamani mchango ulikuwa kuni, debe la mahindi, mbuzi, na mikono ya kupikia. Navyo havihitaji daftari, kwani kila mtu aliviona vikipita njiani. Fedha hazionekani. Katika miaka iliyofuata Uhuru wa 1961 arusi za mijini zikawa za kamati, na kamati zikapanda hata huku kwetu. Na penye fedha lazima pawe na jina, na kiasi, na karatasi. Hapo ndipo ilipozaliwa kadi ya mchango, inayomwomba mtu asaidie kwa hali na mali kabla ya tarehe fulani. Kadi ya mwaliko hufuata baadaye, kwa yule aliyetoa. Mnaona kwamba tumerudi kwa watu walioitwa mara mbili. Ila hapa katikati ya wito wa kwanza na wa pili pamewekwa kitabu cha hesabu. Na kwa kuwa mwenye ukumbi na mpishi hulipwa kwa idadi ya sahani, alama ya mmoja au wawili ikatiwa katika kadi, nayo mara nyingi hufuata kiasi cha mchango. Kwa hiyo mwaliko ukawa cheti cha kuingilia. Leo, kwa wenye simu kubwa, hauna hata karatasi. Ni picha yenye alama za nukta, na mlangoni nukta husomwa kwa simu nyingine.

Sisemi kwamba kamati ni mbaya. Bila hizo vijana wengi wasingeweza kulisha wageni wao, na daftari limezuia ugomvi mwingi juu ya nani alitoa na nani hakutoa. Lakini mjane aliyeleta mzigo wa kuni hayumo daftarini. Na babu, ambaye desturi ya zamani ilimwacha bila mwaliko kwa kumheshimu, desturi mpya humwacha vile vile bila kadi. Kwa macho ya mlangoni hakuna tofauti kati yake na mtu asiyetakiwa.

Mwaka huu kamati nyingine iliponiita, niliomba nipewe kadi kumi zisizo na alama ya mmoja wala ya wawili, niandike mahali pa jina, “Mwenye arusi”. Katibu akakataa, akisema hesabu ya sahani imekwisha kufungwa. Tukabishana hata saa tano ya usiku, chai ikapoa. Mwishowe zilipita saba, nami nikaziandika kwa herufi kubwa, na juu ya kila moja, kabla ya maneno ya chapa, nikatia salamu.