Ulimbikizaji wa Kibiolojia: Metali Nzito Ndani ya Kuvumwani

Mabaka ya kijivu yanayoganda kwenye magome ya miti na juu ya mawe ni kuvumwani: kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, kuvu ikitoa hifadhi na mwani ukitengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Haina mizizi, wala utando wa nta unaokinga jani. Mvua, ukungu na vumbi ndivyo vinavyoilisha, nayo huvipokea kwa mwili mzima. Risasi, shaba na zinki zinazopeperuka kutoka kwenye matanuri ya kuyeyushia madini huingia kwa njia hiyohiyo.

Chembe za vumbi hunaswa katikati ya nyuzi za kuvu. Metali iliyoyeyuka majini huwa ioni zenye chaji chanya, na kwa kuwa kuta za seli za kuvu zina chaji hasi, huzishika upesi, hata kuvumwani ikiwa imekufa. Kiasi kidogo hupenya taratibu hadi ndani ya seli. Baadhi ya spishi hutoa asidi ya oksaliki, ambayo huifunga metali ikawa fuwele zisizoidhuru seli.

Wengi huita jambo hili ufyonzaji. Kwangu neno hilo linaishia mlangoni: linaeleza kuingia, halielezi kubaki. Istilahi inayofaa ni ulimbikizaji wa kibiolojia. Anayelimbika maji kisimani huyaacha yajikusanye kidogo kidogo hadi yatoshe kuteka. Kuvumwani nayo hukua milimita chache kwa mwaka, huishi miongo mingi na haipukutishi majani, hivyo cha leo hukikuta cha mwaka juzi. Ndiyo sababu watafiti huibandua gomeni, wakaikausha, wakaisaga na kupima humo uchafu wa hewa ya miaka kadhaa.

Madhara ya ulimbikizaji huu yalionekana baada ya mlipuko wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Aprili 1986. Mvua iliangusha seziamu-137, metali yenye mnururisho, juu ya kuvumwani za Skandinavia, ambazo ndizo chakula cha kulungu wa Aktiki majira ya baridi. Nyama nyingi ya mifugo ya Wasami, wafugaji wa kulungu hao, ikatupwa, hasara chungu kwa watu wasiohusika kabisa na kinu kile. Mwaka 1987 Sweden ilipandisha kiwango kinachoruhusiwa katika nyama hiyo kutoka bekereli 300 hadi 1,500 kwa kilo. Wafugaji nao wakajifunza kuwalisha wanyama malisho safi kwa wiki kadhaa kabla ya kuchinja, kwa sababu kulungu huitoa seziamu mwilini upesi kuliko kuvumwani.